Ikizima Amani Usiku, Utamwamsha Nani?

Baba Mdogo hakuigusa injini ya Toyota niliyoipachika kwenye Land Rover ya Baba. Alisimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, uani kwetu Makorora, akaitazama muda wa kutosha chai yake kupoa kikombeni, kisha akanyoosha kidole kwenye fungu la waya lililoviringishwa utepe mweusi, linalotoka ubavuni mwa injini na kupenya bati la mbele hadi ndani ya kabini. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za nguvu, mafuta na mwendo. Yeye aliuliza neno moja.

"Mwanangu, hii ikizima Amani usiku, utamwamsha nani?"

Amani ni kule milimani ninakofuata mzigo. Nilibadilisha mazungumzo.

Ni wiki saba sasa tangu aniulize, na swali hilo limekuwa likinifuata hadi kazini. Naandika ili nilijibu, maana siku ile nilimkosea adabu kwa kulikwepa.

## Gari la Baba

Land Rover 109, Series III, ya petroli, nyuma wazi. Baba aliinunua kutoka shamba la mkonge lilipokuwa likiuza magari yake chakavu, na mdogo wake, aliyekuwa makanika katika gereji ya shamba hilohilo, ndiye aliyeifufua. Sina haja ya kulieleza gari hili zaidi. Aliyekulia mkoa huu amewahi kupanda la namna yake, juu ya magunia, akishikilia bomba.

Injini yake ya asili ina ujazo wa sentimita za ujazo 2286, pistoni nne, kabureta moja, na nguvu farasi zipatazo 70 ilipokuwa mpya. Iliponifikia mimi ilikuwa ikila oili na kuchemka mlimani, na kila nilipofungua silinda hedi nilikuta kazi ya mtu aliyeificha kasoro badala ya kuiondoa. Msimu mmoja wa masika ilinilaza njiani mara tatu kati ya Muheza na Amani, ninakofuata iliki na karafuu kwa wakulima ninaofanya nao biashara.

Hata hivyo, mara zote tatu niliondoka pale kwa injini hiyohiyo. Safari ya kwanza Baba Mdogo alikuwa nami. Alifungua kifuniko cha distribyuta kwa mwanga wa tochi, akasugua pointi, vile vipande viwili vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi, kwa ubavu wa kiberiti, akapima nafasi yake kwa kipande cha boksi la sigara, na gari likawaka. Kitabu cha gari kinataka nafasi hiyo iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Kesho yake niliipima kwa vibati vya kupimia, nikakuta 0.38.

Huyo ndiye aliyeniuliza nitamwamsha nani.

## Injini ngeni si dhambi

Wamarekani wana mapokeo marefu ya jambo hili, na magari yao ya namna hiyo huyaita hot rod. Ford walipotoa injini yao ya V8 mwaka 1932, yenye lita 3.6 na nguvu farasi 65, vijana wa kusini mwa California waliipachika kwenye magari mepesi ya miaka ya nyuma na kwenda kushindana mwendo juu ya maziwa makavu ya jangwani. Chevrolet walipotoa V8 yao mwaka 1955, ile ya Ford ikaanza kung'olewa kuipisha. Leo injini inayopachikwa kwa wingi katika magari hayo ni ya jamii ya LS, iliyoanza na LS1 ya lita 5.7 katika Corvette ya mwaka 1997, ikiongozwa na kompyuta tangu siku yake ya kwanza. Wapo huko wanaolalamika kwamba kompyuta imeua roho ya magari yao. Sikubaliani nao, kwa sababu magari hayo yalizaliwa kwa kupachikwa injini ambayo haikuwa yao.

Kwetu hoja ni nyingine kabisa. Hapa Tanga mtu hang'oi injini ili apendeze barabarani. Anaing'oa kwa sababu imemshinda na ana mzigo wa kubeba. Land Rover yenye injini ya Kijapani si habari ngeni mashambani, na Baba Mdogo mwenyewe alizipachika kadhaa kwa mikono yake. Lakini zile zilikuwa dizeli za pampu ya kawaida, ambazo zikishapata mafuta na stata hazimwombi mtu kitu kingine. Kilichomtia shaka safari hii kilikuwa kile kisanduku cha bati cha kompyuta, chenye ukubwa wa kitabu, nilichokifunga nyuma ya dashibodi.

Injini niliyoichukua Gerezani, Dar es Salaam, ni 3RZ-FE ya Toyota, ikiwa na waya zake na kompyuta yake. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 2693, valvu 16, mnyororo badala ya mkanda, na nguvu farasi zipatazo 150, yaani maradufu ya ile iliyotoka. Niliichagua kwa sababu imo katika Prado, Hilux na Hiace nyingi nchini, na kipuri chake hakihitaji kusubiri meli.

## Kazi ya mkereza

Watu huuliza sana habari za nguvu, na ni nadra mtu kuuliza habari za sahani. Mimi nililala macho kwa ajili ya sahani.

Niliamua kubaki na giaboksi ya Land Rover, kwa hiyo palihitajika sahani nene ya chuma ya kuunganisha injini ya Kijapani na giaboksi ya Kiingereza, ambazo hazina hata tundu moja la bolti linalokutana. Kutoboa matundu ni kazi ya mchana mmoja. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kwamba shafti ya giaboksi inaingia katikati kabisa ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, maana ikikaa pembeni hata kwa unene wa unywele, klachi itatetemeka, beringi italia, na siku moja shafti itakatika. Mkereza wangu wa Ngamiani aliitengeneza mara mbili. Ya kwanza ilionekana nzuri kwa macho, lakini alipofunga saa ya kupimia na kuzungusha flaiwili polepole kwa mkono, sindano ilicheza zaidi ya alivyotaka. Alinitazama, akaifungua, akaiweka kando bila mimi kusema neno. Ya pili ilipozunguka, sindano ilitulia kabisa. Nimemheshimu tangu siku hiyo.

Mafuta nayo yalitaka njia mpya. Kabureta huridhika na msukumo mdogo wa pampu ya injini, lakini nozeli zinazopuliza petroli katika injini hii zinataka msukumo wa takribani kilo 3 kwa sentimita ya mraba, sawa na psi 40 na kidogo, pamoja na bomba la kurudisha yanayobaki kwenye tangi. Mpira uliochoka, ukiwa na msukumo wa namna hiyo, haudondoshi matone. Unarusha petroli juu ya ekzosi ya moto. Nilibadilisha mipira yote na klipu zake zote. Breki zimebaki za dramu, za gari la miaka ya 1970, nami naendesha nikilikumbuka hilo. Namba mpya ya injini nayo lazima iingie kwenye kadi ya gari.

## Linalougua usiku

Mchana gari lilikuwa zuri. Liliwaka kwa mguso mmoja, likapanda kilima cha Pongwe na mzigo bila kuomba gia ya chini, na sailensi yake, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ilikuwa tulivu kiasi kwamba abiria alidhani limezimwa.

Usiku lilikuwa gari lingine.

Mara ya kwanza nilidhani ni mafuta machafu. Nilikuwa natoka Muheza baada ya magharibi. Nikawasha taa, na baada ya dakika chache injini ikaanza kusitasita, sailensi ikapanda na kushuka, na harufu ya petroli ikanifuata hadi nyumbani. Asubuhi haikuwa na tatizo lolote. Usiku uliofuata ikarudia. Kwa wiki mbili nilibadilisha vitu kwa kubahatisha: chujio la mafuta, pampu, koili, na nozeli moja niliyoitilia shaka bila ushahidi. Nilitumia pesa ambazo zilikuwa na kazi nyingine, na nilianza kuogopa kutoka na gari jua likishazama, jambo ambalo sikuwahi kuliogopa na injini ya zamani hata ilipokuwa hoi.

Niliiuliza kompyuta. Kwenye Toyota za umri huu huhitaji mashine ya gharama. Unaunganisha matundu mawili ya soketi ya ukaguzi, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Ilipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara moja. Ni kosa la 21, sensa ya oksijeni. Nililijua tayari, kwa kuwa sensa hiyo nilikuwa sijaifunga. Bomba langu la ekzosi lilikuwa halijatobolewa nafasi yake. Mbali na hilo kompyuta haikuwa na lalamiko. Kwa maoni yake, kila kitu kilikuwa sawa.

Hapo ndipo swali la Baba Mdogo liliponiuma kwa mara ya kwanza. Nilikuwa bado sijafika hata Amani. Nilikuwa uani kwetu, kijana wa umeme aliyeunganisha waya alikuwa amehamia Dar es Salaam na simu yake haipatikani, na mimi sikujua nimwamshe nani.

## Plagi nyeusi

Nilikwenda kwake kumwamkia, nikamweleza. Hakunikumbusha swali lake, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

Alisema nimletee gari usiku, likiwa limetoka safari, na nisilizime hadi atakaponiambia. Nilifika saa tatu. Alisimama nyuma kwenye ekzosi, akavuta pumzi, akaninyooshea kiganja nizime. Tukafungua plagi zote nne zingali za moto, akazipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa silinda zake, akazimulika.

Zote zilikuwa nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole kama ya chungu cha kuni. Alichukua muda juu ya neno moja: zote. "Ingekuwa moja, ningesema nozeli. Zikiwa nne sawasawa, mafuta yanazidi kwa injini nzima. Kuna anayeiagiza iongeze mafuta, na anayeiagiza amedanganywa." Kisha akauliza kabureta ya gari hili ni nani. Nikamwambia ni kompyuta. "Basi anayeidanganya ni yupi? Kabureta hudanganywa na choku iliyonata. Hii choku yake iko wapi?"

Injini hii haina choku, lakini ina kitu kinachofanya kazi ya choku: sensa ya joto la maji. Injini ikiwa baridi, kompyuta huongeza mafuta. Ikipata moto huyapunguza. Swali lake lilikuwa limenipeleka moja kwa moja mahali ambapo wiki mbili za kubahatisha hazikunifikisha.

Kesho yake nilikaa na mita. Sensa yenyewe ilikuwa nzima: upinzani wake ulikuwa kiloomu 2 na kidogo kwenye maji ya kawaida na kiloomu 0.3 hivi kwenye maji ya nyuzi 80, kama inavyotakiwa. Nikaufuata waya wake wa kahawia, ule unaopaswa kurudi kwenye kompyuta. Haukurudi. Ulikuwa umekatika tangu injini ilipong'olewa katika gari lake la kwanza, na kijana wa umeme aliumalizia kwa njia ya mkato: aliubana kwa skrubu kwenye madigadi ya mbele, pale pale inapobanwa ethi, njia ya kurudishia umeme, ya taa kubwa.

Niliweka mita kati ya skrubu ile na ncha hasi ya betri. Taa zikiwa zimezimwa, sindano haikusogea. Nikawasha taa kubwa. Volti 0.4.

## Volti 0.4

Sehemu hii naomba niieleze polepole, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mawazo yangu.

Madigadi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na bati la mbele linalofungiwa ni la chuma. Metali hizo mbili zikigusana katika hewa ya chumvi kama hii ya Tanga, aluminiamu huliwa taratibu na kuacha unga mweupe katikati ya maungio. Nilipoifungua bolti nikaukuta unga huo, mkavu kama chokaa. Umeme wa taa mbili, takribani ampea 10, ulikuwa ukijipenyeza humo kurudi kwenye betri, na kwa sababu ya kizuizi hicho volti 0.4 zilikuwa zinabaki nyuma.

Katika gari la Baba, hilo halikuwa kosa la kumnyima mtu usingizi. Taa iliyopungukiwa volti 0.4 huwaka hafifu kidogo, na jicho la dereva haligundui. Gari zima lilijengwa kwa kanuni kwamba bodi yote ni waya mmoja wa kurudishia umeme, na kanuni hiyo ilitosha kwa sababu vilivyouhitaji ni balbu, honi na stata. Kijana aliposema "ethi ni ethi", na nakumbuka alisema hivyo, alikuwa anasema kweli kuhusu gari la Baba.

Kompyuta husoma sensa zake kwa kipimo cha volti 0 hadi 5. Maji yakiwa ya moto, sensa ya joto huipa takribani nusu volti. Ukiongeza 0.4 juu yake, kompyuta inaamini kwamba maji yale ya nyuzi 80 hayajafika hata 60, nayo kwa utii inaongeza mafuta. Sensa ya kanyagio la mafuta ilikuwa imefungwa kwenye waya huohuo, kwa hiyo kompyuta iliamini pia kwamba mguu wangu uko juu ya kanyagio hata nilipoutoa, na sailensi ikakosa utulivu. Sensa ya oksijeni, ambayo ingemsuta muongo kwa kunusa moshi, sikuwa nimeifunga.

Na taa ya injini haikusema neno, kwa sababu kompyuta hutambua uongo uliopita kiasi tu. Ungekata waya kabisa, ikaona baridi ya kugandisha hapa pwani, ingewasha taa na kuandika kosa la 22. Ukiiambia kwamba maji ni ya nyuzi 55, itakuamini, kwa sababu kuna asubuhi nyingi ambazo maji ni ya nyuzi 55.

Niliurudisha waya wa kahawia kwenye kompyuta, nikaulehemu, nikaufunika. Nikavuta waya mnene kutoka injini hadi betri, mwingine kutoka betri hadi chesesi, na wa tatu hadi kwenye madigadi, kila mahali nikikwangua rangi hadi chuma king'ae kisha nikapaka grisi juu yake. Nikatoboa ekzosi, nikafunga sensa ya oksijeni. Nikawasha taa kubwa na kupima tena: 0.02.

## Nilichokuwa nimekosea

Kwa muda mrefu nilikuwa na hoja niliyoiandaa kwa ajili ya wazee: kwamba kompyuta si mambo ya juzi. Bosch walianza kuuza mfumo wao wa kielektroniki wa kupuliza petroli, D-Jetronic, mwaka 1967 katika Volkswagen, miaka minne kabla Series III haijatoka kiwandani. Na kwamba faida yake naiona kila wiki: Tanga iko usawa wa bahari, Amani iko mita 900 hivi juu yake, na hewa ya kule ni pungufu kwa takribani asilimia 10. Baba alikuwa akisimama Zigi kabla ya kuanza kona, akachukua bisibisi na kupunguza mafuta ya sailensi, na wakati wa kurudi akayaongeza tena. Kompyuta hupima hewa yenyewe na kujirekebisha bila mtu kusimama.

Hoja hizo ni za kweli, na bado nazishikilia. Injini ya zamani sitairudisha.

Lakini Baba Mdogo hakuwa ameuliza kama kompyuta ni nzuri. Mimi nilisikia shaka ya mzee juu ya kitu kipya, ilhali yeye alikuwa anauliza ni nani mwenye ujuzi wa gari hili. Injini ya asili ilikuwa na michoro katika kila kitabu na katika vichwa vya mafundi wa mkoa mzima. Gari langu halimo katika kitabu chochote. Waya zake zina historia ya magari mawili, na aliyejua kila kimoja kimeungwa wapi alikuwa mtu mmoja, ambaye hakuandika hata mstari mmoja. Kisheria nilikuwa mwenye gari; kwa ujuzi lilikuwa lake, naye hakuwepo.

Hilo ndilo linaloniudhi katika kazi nyingi za namna hii ninazoziona mjini, pamoja na yangu. Tunalipia injini, tunalipia sahani, tunalipia rangi, na hakuna anayelipia karatasi.

## Karatasi mbili

Nilitumia Jumapili nne. Nilifungua utepe wote mweusi, nikaufuata kila waya kutoka ncha moja hadi nyingine, nikauandika kwa rangi yake, tundu lake kwenye kompyuta, na kazi yake kwa Kiswahili: huu ni wa joto la maji, huu wa kuhesabu mizunguko, huu unaleta volti 5, huu wa kahawia usiguswe na bodi. Pembeni niliandika vipimo vinavyotakiwa, injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Niligundua viungo vingine viwili vilivyosokotwa bila kulehemiwa, shaba yake imeshaota ukijani, na nikavitengeneza kabla havijanilaza njiani.

Kisha tulikwenda Amani, mimi na Baba Mdogo, tukapakia iliki na kusubiri kwa makusudi hadi giza liingie. Tuliteremka kona zote na taa kubwa zikiwa zinawaka. Karibu na Zigi aliniambia nisimame, nizime, nifungue boneti. Hapakuwa na tatizo lolote. Alimulika tochi kwenye karatasi, akaanza kutafuta kwenye injini kimoja kimoja kilichoandikwa, akikigusa kwa kidole na kukitaja kwa sauti, na mahali mwandiko wangu ulipokuwa mdogo alinisogezea nimsomee. Ilituchukua karibu nusu saa, wadudu wa msituni wakitujaa kwenye mwanga.

Karatasi ya kwanza iko ndani ya plastiki chini ya kiti cha dereva. Ya pili ameichukua yeye. Ameikunja mara nne na kuiweka kwenye kopo lake la maziwa, pamoja na pointi za akiba na sindano za kabureta.